Usingizi wa Kompyuta katika Linux: Kwa Nini Hailali, Hugutuka au Haiamki

Watu watatu wanaweza kutamka sentensi moja, "Linux kwenye kompyuta yangu haijui kulala," na kila mmoja akawa na maana yake. Wa kwanza alifunika kompyuta mpakato yake usiku betri ikiwa na asilimia 80, asubuhi akaikuta imezimika kabisa. Wa pili aliitoa begini baada ya safari ya daladala akaikuta ina joto kama pasi na feni inavuma, ilhali anakumbuka vizuri kwamba aliilaza. Wa tatu alifunua kifuniko, taa ya kitufe cha kuwashia ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi hadi alipokibonyeza kitufe hicho kwa muda mrefu na kupoteza kazi yote ambayo hakuwa ameihifadhi.

Hayo ni maradhi matatu, na dawa ya mmoja yaweza kumdhuru mwenzake. Hata hivyo ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni huyachanganya: mtu huambiwa aongeze neno fulani kwenye mipangilio ya kuwashia kompyuta, hulibandika bila kujua linagusa nini, na lisipofaa huongeza jingine juu yake, hadi mashine inakuwa na viraka vingi kuliko ovaroli la fundi wa gereji. Njia inayofuatwa hapa ni ya polepole kidogo. Kabla ya kubadilisha chochote, ijulikane kwanza ni hatua gani ya usingizi iliyovunjika, kwa kuwa kila hatua huacha nyayo zake, na nyayo hizo zinasomeka.

Kifuniko kinapofungwa

Kulala kwa kompyuta ni mnyororo wa makabidhiano. Swichi ya kifuniko hupeleka taarifa kwa keneli, ambayo ndiyo kiini cha Linux. Taarifa hiyo hupokewa na systemd-logind, huduma inayosimamia vikao vya watumiaji katika Ubuntu, Debian, Fedora na nyinginezo nyingi, nayo huamua la kufanya kwa kufuata faili la /etc/systemd/logind.conf, isipokuwa pale ambapo mazingira ya eneokazi kama KDE yamejitwalia jukumu hilo. Kabla ya kuamua, huangalia kama kuna programu iliyoweka zuio. Lisipokuwapo, huendeshwa hati zote, yaani programu fupi za amri, zilizomo katika saraka ya /usr/lib/systemd/system-sleep, kisha neno moja tu, mem au disk, huandikwa ndani ya faili la /sys/power/state. Kuanzia hapo mamlaka yote ni ya keneli.

Keneli hugandisha michakato ya mtumiaji, kisha hupita kifaa kimoja baada ya kingine ikiiagiza kila draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa, ilaze kifaa chake: kadi ya Wi-Fi, diski, kamera, kadi ya michoro, milango ya USB. Baada ya hapo, katika usingizi wa kawaida, huzima viini vyote vya prosesa isipokuwa kimoja, na mwisho huikabidhi mashine kwa fimwea, yaani programu iliyopachikwa ndani ya bodi mama tangu kiwandani. Kuamka ni safari hiyo hiyo kinyumenyume. Draiva moja ikikosea, ama safari nzima husitishwa na kompyuta hurudi macho, ama mashine hukwama katikati, isilale wala isiamke.

Makabidhiano ya mwisho, kati ya keneli na fimwea, huongozwa na kanuni za ACPI, zinazopanga jinsi mfumo na fimwea zinavyosimamia umeme, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Watengenezaji wengi huijaribu fimwea yao kwa Windows, kwa sababu ndiyo inayouzwa pamoja na mashine. Kosa ambalo Windows hulivumilia huuzwa nalo likiwa ndani, na Linux hulirithi. Mwaka 1999 Bill Gates aliwaandikia wenzake barua pepe akijiuliza kama haikuwezekana kuzifanya kanuni hizo ziifae Windows zaidi kuliko mifumo mingine, na barua hiyo ilikuja kujulikana ilipotolewa ushahidi katika kesi ya Comes dhidi ya Microsoft jimboni Iowa. Wapo wanaoinukuu mpaka leo kila kompyuta yao inapokataa kuamka. Mimi sioni kwamba inaeleza matatizo ya sasa, maana leo wahandisi wa Intel na AMD wenyewe ndio wanaoandika sehemu kubwa ya draiva za Linux za vifaa vyao. Sababu zilizopo ni za kawaida kuliko hizo, na nyingi zinatafutika.

Mang'amung'amu, usingizi wa kawaida na usingizi wa pono

Kiswahili kina maneno yanayolifaa jambo hili kuliko namba za wahandisi. Mtu aliyelala nusu, anayesikia kila mlango unaogongwa, tunasema yumo katika mang'amung'amu. Aliyezama asiyesikia hata ngoma tunasema ana usingizi wa pono. Kompyuta nazo zina hali hizo, na kati yake kuna usingizi wa kawaida.

Mang'amung'amu ya kompyuta huitwa s2idle. Michakato hugandishwa na vifaa hulazwa, lakini prosesa haikatiwi umeme. Hushuka tu hadi kwenye utulivu wake wa chini kabisa, tayari kuinuka mara moja. Usingizi wa kawaida ni ule unaoitwa S3 katika ACPI na ambao Linux huuita deep: karibu kila kitu hukatiwa umeme isipokuwa RAM, ambayo hubaki ikilishwa kiasi kidogo ili isisahau kilichokuwamo. Usingizi wa pono ni S4: yaliyomo katika RAM huandikwa kwenye diski, kisha umeme hukatwa kabisa.

Kujua kompyuta yako hulala usingizi gani ni amri moja:

cat /sys/power/mem_sleep

Jibu ni neno moja au zaidi, na lile lililozungushiwa mabano mraba ndilo linalotumika. Ukiona s2idle peke yake, fimwea yako haitoi S3, na hakuna neno la kuwashia litakaloiumba. Watu hupoteza siku nzima hapa. Neno mem_sleep_default=deep, linalopendekezwa kila mahali, huchagua kati ya vilivyopo; mashine isiyo na S3 haliipi chochote.

Tofauti hii ina historia. Kwa miaka mingi S3 ilikuwa jambo la kawaida kwenye kompyuta mpakato, mpaka watengenezaji walipoanza kuiacha ili kompyuta ziamke haraka kama simu. ThinkPad X1 Carbon kizazi cha 6, iliyotoka 2018, iliuzwa bila S3, na baada ya malalamiko ya watumiaji Lenovo ilitoa fimwea mpya yenye chaguo la aina ya usingizi, moja kwa ajili ya Windows 10 na jingine kwa ajili ya Linux. Tangu prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizotoka 2020, kompyuta nyingi mpya hazina S3 tena. Ndiyo maana kompyuta za mtumba zinazouzwa Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi, ambazo nyingi zilizeeka katika ofisi za Ulaya kabla ya kufika kwetu, mara nyingi hulala vizuri kuliko kompyuta mpya ya bei kubwa. Ukiwa na mashine ya aina hiyo, ingia kwanza kwenye mipangilio ya BIOS, yaani ya fimwea, uone kama chaguo la usingizi lipo. Kulibadilisha huko huchukua dakika mbili na huweza kumaliza kazi.

Nyayo za kwanza: shajara

Kabla ya nadharia yoyote, ifunguliwe shajara ya mfumo. Kama kompyuta iliamka bila kuwashwa upya, amri ni journalctl -k -b. Kama ulilazimika kuizima kwa kitufe na kuiwasha upya, unataka shajara ya kikao kilichotangulia, nayo hupatikana kwa amri hii:

sudo journalctl -k -b -1 -e

Kinachotafutwa ni mistari miwili. Wa kwanza una maneno PM: suspend entry, yakifuatwa na aina ya usingizi, keneli huuandika inapoanza safari. Wa pili una maneno PM: suspend exit, nao huandikwa safari ya kurudi inapokamilika. Mistari hii miwili ikisomwa kwa makini hutenganisha maradhi yote yaliyotajwa hapo juu.

Mstari wa kuingia usipokuwapo kabisa, amri haikuifikia keneli, na tatizo liko juu, kwenye logind, kwenye mazingira ya eneokazi au kwenye zuio. Ikiwapo yote miwili na kati yake pana sekunde moja au mbili tu, kompyuta ama ilikataliwa na draiva fulani ama iligutuka papo hapo. Wa kuingia ukiwapo bila wa kutoka, mashine ilikwama njiani, ingawa hapa inafaa tahadhari: diski nayo hulazwa, kwa hiyo mistari ya mwisho kabisa huenda haikuwahi kuandikwa. Na wa kutoka ukiwapo ilhali kioo kilibaki cheusi, keneli iliamka salama; kilichobaki gizani ni michoro.

Kompyuta isiyotaka kulala

Tatizo la juu hutatuliwa upesi. Amri ya systemd-inhibit --list huonyesha kila programu iliyoweka zuio na sababu iliyoitoa. Mara nyingi ni kicheza video, masasisho yanayoendelea, au mazingira ya eneokazi yenyewe. Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba logind, kompyuta ikiwa imeunganishwa na kioo cha nje, huichukulia kuwa iko mezani na hukipuuza kifuniko. Huo si ubovu. Ni thamani ya HandleLidSwitchDocked, ambayo kwa kawaida ni ignore.

Tatizo la keneli lina sura mbili. Ya kwanza ni mchakato unaokataa kugandishwa. Keneli huungoja kwa sekunde 20, kisha hukata tamaa, huirejesha mashine macho, na huandika kwenye shajara majina ya michakato iliyogoma. Mtuhumiwa wa mara kwa mara ni saraka ya mtandaoni: mtu ameunganisha diski ya seva kwa NFS au sshfs, mtandao ukakatika, na mchakato uliokuwa ukisoma faili humo sasa umesimama unangoja jibu lisilokuja. Kuiondoa saraka hiyo kabla ya kulala huleta nafuu. Sura ya pili ni draiva inayorudisha kosa inapoambiwa ilaze kifaa chake, na keneli za miaka ya karibuni hutunza jina la kifaa hicho katika faili la /sys/power/suspend_stats/last_failed_dev. Kulisoma faili hili huchukua sekunde tano, na wanaolikumbuka ni wachache mno.

Kompyuta inayogutuka

Huyu ndiye aliyeitoa kompyuta begini ikiwa na joto. Kompyuta ililala, kisha kitu fulani kikaigusa. Orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha iko katika faili la /proc/acpi/wakeup, kila kimoja kwa jina fupi la ACPI na hali yake, kimeruhusiwa au kimezuiwa. XHC, au jina linalofanana nalo, ni kidhibiti cha USB; LID ni kifuniko; majina yanayoanza na GPP au RP ni njia za PCI Express. Majina hutofautiana kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa hiyo la jirani usiliige.

Kukigeuza kifaa kimoja, jina lake huandikwa ndani ya faili hilo hilo:

echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup

Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, kuandika jina hakuzimi bali hugeuza: kilichoruhusiwa huzuiwa, na ukirudia amri hurudi palepale kilipokuwa, jambo linalomfanya mtu mwenye haraka aamini kwamba amri haifanyi kazi. Pili, mabadiliko haya hupotea kompyuta inapowashwa upya, na ili yadumu huhitajika huduma ndogo ya systemd inayoyaandika kila mara. Zima kimoja, ilaze mashine, angalia, kirudishe, kisha jaribu kingine. Ukizima vyote kwa mpigo hutajua mkosaji alikuwa nani, na huenda ukabaki na kompyuta ya mezani isiyoitikia kibodi wala kipanya. Kwenye kompyuta ya mezani chunguza pia kadi ya mtandao, kwa kuwa uwezo wake wa kuamshwa kupitia waya huweza kuitikia pakiti isiyo na maana. Huzimwa kwa ethtool kwa kuipa herufi d kwenye kipengele cha wol.

Kama hutaki kubahatisha, soma faili la /sys/power/pm_wakeup_irq mara tu baada ya kugutuka. Lina namba ya mkatizo, yaani ishara ya kifaa kwa prosesa, ulioiamsha mashine, na namba hiyo ukiilinganisha na orodha iliyomo katika /proc/interrupts utaona ni ya draiva gani. Wakati mwingine hupatikana ni padi ya kugusa, ambayo kifuniko chembamba huiminya begi linapobanwa kati ya magoti ndani ya gari.

Betri inayovuja usiku

Mtu wa kwanza, aliyelala na asilimia 80 akaamka na sifuri, karibu daima anatumia s2idle. Katika mang'amung'amu haitoshi mashine kusema imelala. Ni lazima prosesa na vifaa vyote vikubaliane kushuka hadi chini kabisa. Kimoja kikibaki macho, iwe diski ya NVMe, kadi ya Wi-Fi au hata kisomaji cha kadi za kumbukumbu ambacho hakijawahi kutumiwa, kompyuta nzima hubaki ikila umeme karibu kama iliyo wazi mezani, huku kioo cheusi kikimdanganya mwenyewe.

Linux huweza kukuambia kama utulivu huo ulifikiwa. Katika keneli mpya faili la /sys/power/suspend_stats/last_hw_sleep huonyesha, kwa mikrosekunde, muda ambao maunzi yalilala kweli katika usingizi uliopita. Kwa Intel upo pia mfumo wa pmc_core, na kwa AMD upo amd_pmc, yote miwili chini ya /sys/kernel/debug. Kama umeilaza mashine kwa nusu saa na namba ni sifuri, haikulala hata kidogo. Hapo hatua ya kwanza ni kusasisha fimwea, kwa fwupdmgr pale mtengenezaji anapoitoa kwa njia hiyo, na ya pili ni kujaribu keneli mpya zaidi, kwa sababu marekebisho ya s2idle huingizwa karibu katika kila toleo. Ikishindikana, chomoa vifaa vya nje kimoja kimoja na pima upya. Ni kazi ya kuchosha, lakini ina mwisho.

Kompyuta isiyoamka

Hapa ndipo watu wengi hufadhaika, na ndipo pana mengi ya kusemwa. Swali la kwanza ni moja: mashine imekufa, au ni kioo tu? Bonyeza kitufe cha Caps Lock uone kama taa yake inabadilika. Jaribu Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja uone kama yanatokea maandishi ya kuingilia. Bora zaidi, kama uliwasha mapema ssh, huduma ya kuingia kutoka mashine nyingine, ingia kutoka kwenye simu au kompyuta nyingine iliyo katika mtandao mmoja. Mashine ikiitikia kwa njia yoyote kati ya hizi, iko hai, na wa kuulizwa ni draiva ya michoro.

Kadi za NVIDIA zinastahili maelezo yake. Kadi ya michoro ina RAM yake yenyewe, na katika S3 RAM hiyo hukatiwa umeme. Draiva lazima ihamishe yaliyomo kabla ya kulala, na draiva ya NVIDIA ya umiliki, isipoagizwa vinginevyo, kwa miaka mingi imekuwa ikihifadhi yale ya lazima tu. Matokeo yake ni dirisha lililojaa takataka za rangi, programu zinazoanguka, au giza. Dawa yake ni kuiwekea moduli ya nvidia, kwa faili lililo chini ya /etc/modprobe.d, kipengele cha NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations chenye thamani 1, kuwezesha huduma za nvidia-suspend, nvidia-resume na nvidia-hibernate, na kuielekeza NVreg_TemporaryFilePath mahali penye nafasi ya kutosha kama /var/tmp. Usiielekeze kwenye /tmp kama saraka hiyo imo ndani ya RAM. Baadhi ya mifumo hufanya haya yote yenyewe draiva inaposakinishwa, kwa hiyo angalia kwanza kabla ya kuongeza.

Kadi za Intel na AMD hutumia draiva zilizomo ndani ya keneli. Kwa hizo jaribio lenye faida kuliko yote ni kuwasha kompyuta kwa keneli nyingine, mpya au ya zamani. Ikiamka kwa moja na kukwama kwa nyingine, umeshapata nusu ya jibu, na taarifa yako kwa waandishi wa draiva itakuwa na uzito.

Sasa tuseme imekufa kweli. Kabla ya kuizima kwa nguvu, shikilia Alt na SysRq na uandike polepole R, E, I, S, U, B. Kama mfumo wako umeruhusu mchanganyiko huo na keneli bado ina pumzi, data itaandikwa kwenye diski na mashine itajiwasha upya kwa utaratibu. Baada ya hapo kuna zana ambayo keneli imeibeba kwa miaka mingi na ambayo watumiaji wa kawaida hawaijui: faili la /sys/power/pm_test. Huiagiza keneli ianze safari ya kulala, ifike hatua fulani, ingoje sekunde 5, kisha irudi bila kulala kweli. Hatua zake kwa mfuatano ni freezer, devices, platform, processors na core. Wanaotumia s2idle huishia platform. Kwa hiyo unaandika:

echo freezer | sudo tee /sys/power/pm_test
echo mem | sudo tee /sys/power/state

Ikirudi salama, panda hatua moja. Matumizi ya tee hapa ni ya lazima, maana sudo echo yenye alama ya kuelekeza kwenye faili hukataliwa; sudo huishia kwenye echo, na faili hufunguliwa na mtumiaji wa kawaida. Ukimaliza, andika none, la sivyo kompyuta itaendelea kuigiza usingizi siku zote.

Nilikuwa na kompyuta ya mtumba iliyokwama kila jioni bila kuacha neno kwenye shajara. Kwa freezer ilirudi vizuri. Kwa devices ilikwama papo hapo, na hilo liliondoa fimwea katika orodha ya watuhumiwa, ingawa kwa wiki mbili nilikuwa nimeilaumu hiyo na kuisasisha mara mbili. Nikaanza kuondoa draiva kwa modprobe -r, moja kwa kila jaribio, na ya tatu, ya Wi-Fi, ilipoondolewa mashine ililala na kuamka. Niliweka hati fupi katika /usr/lib/systemd/system-sleep. Hati za humo hupewa neno pre kabla ya kulala na post baada ya kuamka. Yangu huondoa draiva kwa neno la kwanza na kuirudisha kwa neno la pili. Nakiri kwamba hicho ni kiraka. Lakini ni kiraka ninachojua kimeziba tundu gani.

Ikiwa inakwama wakati wa kuamka na si wakati wa kulala, kuna pm_trace. Keneli huandika alama ya kila hatua ya kuamka ndani ya saa ya bodi mama, kwa sababu ni miongoni mwa sehemu chache zinazokumbuka kitu baada ya mashine kuzimwa. Ikikwama, iwashe upya ndani ya dakika tatu hivi na utafute katika dmesg, yaani ujumbe wa keneli, maneno hash matches. Yatataja mstari wa keneli au kifaa kilichofikiwa mwisho. Usishtuke ukikuta kompyuta inakuambia upo mwaka mwingine. Saa ndiyo iliyotolewa sadaka, na utairekebisha.

Jambo moja kuhusu majaribio. Wengi hutumia rtcwake -m mem -s 60, ambayo huilaza mashine na kuiamsha baada ya dakika moja, lakini amri hiyo huizungumzia keneli moja kwa moja na kuziruka hati na huduma za systemd. Mwenye NVIDIA aliyepanga yale yaliyoelezwa hapo juu ataona usingizi ukishindwa na kudhani kwamba ameharibu, kumbe huduma ya nvidia-suspend haikuitwa. Ni salama zaidi kuweka kengele tu, kwa sudo rtcwake -m no -s 60, kisha kulala kwa systemctl suspend.

Usingizi wa pono na umeme unaokatika

S3 na s2idle zote huishi kwa umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikilazwa jioni, na mgao ukapita saa nane za usiku, asubuhi hakuna cha kuamsha. Kwa mazingira hayo usingizi wa pono ndio unaofaa, lakini una masharti ambayo mifumo mingi haiyatimizi inaposakinishwa.

Unahitaji eneo la swapu, yaani nafasi ya kuhifadhia yaliyomo katika RAM, kwenye diski halisi. Keneli huibana picha ya RAM na kwa kawaida hulenga kuifikisha sehemu mbili kwa tano za RAM, lakini aliyejaza RAM atashukuru kuwa na swapu inayolingana nayo. Fedora, tangu toleo la 33 la 2020, huweka swapu ndani ya RAM yenyewe kwa zram, na hiyo haiwezi kubeba picha, maana umeme ukikatwa nayo hupotea. Secure Boot, ulinzi wa fimwea unaokubali tu mifumo iliyotiwa saini, ikiwa imewashwa, keneli za mifumo mingi hukataa kabisa usingizi huu, kwa hofu kwamba mtu anaweza kuichezea picha iliyo kwenye diski. Na lazima mfumo uambiwe wakati wa kuwaka ni wapi pa kuitafuta picha, kwa kawaida kwa neno resume lenye utambulisho wa eneo la swapu, na resume_offset pia kama swapu ni faili. Dalili ya kulisahau hili haina utata: kompyuta hulala bila kosa lolote, na asubuhi huwaka upya kana kwamba jana haikuwapo.

Mwenye kompyuta mpakato anaweza kuunganisha hali mbili kwa suspend-then-hibernate: mashine hulala usingizi wa kawaida kwanza, kisha baada ya muda uliowekwa kwa HibernateDelaySec katika /etc/systemd/sleep.conf hujiamsha, hujiandika kwenye diski na kuzimika. Kwa wenye s2idle inayovuja, nadhani huu ndio mpango wenye busara kuliko kuendelea kuifukuzia asilimia moja moja ya betri. Ila kama kwenye diski hiyo hiyo upo pia mfumo wa pili, iwe Windows au Linux nyingine, usiuwashe ukagusa sehemu za diski za mfumo uliolala. Picha iliyohifadhiwa bado inaamini kwamba mafaili yako kama yalivyoachwa, na itakapoamka itaandika juu ya mabadiliko ambayo haikuyaona.